Sekunde Nane

Dada yangu Vizma hushuka mlima akiwa ameketi jikoni,
soksi za sufu miguuni, mgongo umelala nyuma kidogo,
macho ameyafumba.
Husema, "Sasa,"
nami nabonyeza saa.

Nje, theluji imelifunika bonde la Gauja.
Ndani, mkate mweusi niliotoka nao kazini bado unafuka mvuke,
na Mama anamenya viazi bila kututazama.
Kwake huku ni kujenga ghorofa hewani,
tena hewa yenyewe ya kukopa.

Bega la kushoto lashuka: kona ya pili.
Kidole cha mguu chajikaza: ya nne, ya tano.
Mishipa yamtoka shingoni
kana kwamba watu wanne wamemkalia kifuani,
na kikombe mezani hakitikisiki.

"Mwisho."
Nasoma saa: hamsini na moja.
Lakini njia yenyewe, ile ya barafu na kona kumi na sita,
huishuka kwa sekunde arobaini na tatu.

Nane zimekwenda wapi?

Hakujibu. Nilijua. Mama naye alijua,
kisu kikasimama juu ya kiazi.
Kona ya kumi na tatu, Februari ya mwaka juzi:
kigari kilipanda ukuta, kikamwacha,
na nyonga ikavunjika kwa sauti
ambayo mimi, niliyekuwa uzioni, ningali nayo.
Huko ndiko anakokawia.

Zamani alikuwa akijionyesha jukwaa:
medali, bendera, maua ambayo hayajapandwa.
Kocha Ojārs, mtu wa maneno ya kuhesabu, akamwambia,
"Jukwaa halina kona, binti.
Nani aliyekifikisha kigari hapo?
Nionyeshe mikono yake."

Basi akaliacha jukwaa, akaanza na vidole.
Chuma baridi kinavyonuka.
Barafu inavyobadili sauti kabla ya kona ya tisa.
Taa zinavyopita usoni: nyeupe, nyeusi, nyeupe.

Usiku mmoja alishuka mara kumi na nne, asifike hata mara moja.
Alianguka. Kitini, jikoni, alianguka,
akapiga ukelele, paka akarukia kabati.
"Mbona hata nikijitungia mwenyewe naanguka?"
Nilikuwa na unga mikononi na sina jibu.
Nikasema tu, "Anguka polepole, tuone."

Akaanguka polepole.
Kumbe ni kidevu.
Alikiinua autazame ukuta, pale pale alipovunjikia,
na kichwa kikiinuka mwili hufuata,
na kigari hakijui bwana mwingine ila mwili.

Arobaini na tisa. Arobaini na saba.
Wiki ya mafua, hamsini na mbili.
Kisha usiku wa baridi ya kupasua mabomba:
arobaini na tatu na nukta mbili.
Mama aliweka sahani mezani
kwa kishindo kidogo kuliko kawaida.

Jumamosi alishuka kweli.
Nilisimama uzioni, kona ya kumi na tatu.
Macho hayana pazia, husemwa;
yangu siku hiyo yalivuta lake.
Nikasikia mngurumo ukija, ukinipasua,
ukienda.
Nilipofumbua, barafu ilikuwa tupu na safi.

Akawa wa saba. Timu huchukua sita.
Ojārs aliliandika jina lake chini ya mstari, kwa penseli: akiba.
Ndani ya gari, kofia ngumu mapajani,
Vizma alisema neno moja tu:
"Kilitulia."
Akagusa kidevu.

Siku hizi, kabla ya alfajiri, tanuri likipata moto,
mimi nami hufumba macho.
Mtihani wa ufundi mkuu ni mwezi wa tano.
Naukanda unga ambao haupo, naukata, naupima, nauingiza motoni,
saa imo mfukoni mwa aproni.
Kila mara nachelewa dakika mbili.
Kuna mahali nakawia.
Bado sijapajua.